Kilele cha Forest

Paskalina alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, na hakuwahi kuupanda. Baba yake na kaka zake walikuwa wapagazi. Walipanda na mizigo ya wageni, wakashuka na magoti mabovu. Kwa hiyo alipoona kwenye saluni ya Matonge, mtaa wa Waafrika jijini Brussels, tangazo la likizo katika milima ya Alpi, kupanda, kuteleza na vyakula vya huko vya jibini, alimwambia mumewe, "Safari hii nataka kuwa mgeni mimi."

Mumewe Rodgers, karani wa ubalozi, alikuwa akihema hata kwenye ngazi za metro. Alikubali kwa sababu ya jibini.

Waliondoka kwa basi kutoka Porte de Namur, pale pale Matonge, Jumamosi asubuhi, mwezi wa Julai. Kiongozi wao alikuwa Bertin, Mkongo wa Likasi, aliyevaa buti nzito na miwani ya theluji. Hata Brussels hawajaitoka, basi likatoa moshi na kuzimika huko Forest, kitongoji cha jiji hilo, kando ya bustani yenye mteremko. Dereva akasema jingine litakuja jioni.

Abiria wakanuna. Bertin akashusha kamba zake.

"Bon. Programme inasema leo tunapanda mulima. Donc tunapanda."

"Mlima upi?" Rodgers akauliza.

Bertin akaonyesha bustani. Juu kabisa mwanamke alikuwa akisukuma kigari cha mtoto. "Ule."

Hakuna aliyecheka, maana Bertin mwenyewe hakucheka. Aliwafunga wote kamba moja viunoni. Paskalina alipoinama kuchukua sufuria ya mpishi, kwa mazoea tu, Bertin alimzuia.

"Acha, maman. Weye ni mugeni."

Akaibeba mwenyewe.

Walipanda taratibu, wakipumzika kila penye benchi. Mzee mmoja wa Kibelgiji aliuliza wanakwenda wapi. Alipojibiwa kwamba wanakwenda kileleni, alivua kofia, akawatakia heri, kisha akawapita na mbwa wake.

Katikati ya mteremko Rodgers akakaa chini. "Kichwa kinaniuma. Hewa ya huku ni nyepesi."

Bertin alipiga magoti, akamtazama machoni kwa muda mrefu. "Papa, urudi chini. Mulima haitakimbia." Wawili wakafunguliwa kamba ili wamshushe.

Paskalina akaendelea. Alipofika juu na kuona mapaa ya jiji yametandazwa chini yake, alilia. Hakuna aliyemuuliza sababu. Mwenzake wa nyuma naye alikuwa akilia.

Maman Lucienne, mpishi wa safari, aliyeyusha jibini kwenye jiko la gesi. Mkate ulikuwa umesahaulika, basi akasonga bukari, ugali wa kwao Lubumbashi. Wakachovya kwa mikono. Jibini ilivutika kutoka sufuriani hadi mdomoni isikatike, ikabidi Lucienne apite na mkasi.

"Kumbe ni mlenda tu," Paskalina alisema, akaongezewa.

Baadaye wakateleza kwenye nyasi juu ya maboksi, akina mama wazima, huku Bertin akipuliza filimbi.

Jioni basi jipya likaja. Bertin akauliza nani anaendelea na safari ya Alpi.

"Kwenda wapi tena?" Lucienne akasema. "Tulishafika."

Aliyepanda basi ni Rodgers peke yake. Hakuwa ameonja jibini. Alimsihi mkewe kutoka dirishani.

"Siwezi," Paskalina alimjibu. "Kesho tunapanda upande wa kaskazini. Ule ni mgumu."

Kila siku walikutana bustanini, na kila jioni walirudi makwao kwa tramu, wamechomwa na jua. Jumatatu Rodgers alipiga simu kutoka Alpi.

"Mke wangu, huku ni ukungu mtupu. Mlima wenyewe sijauona."

"Pole. Umekula jibini?"

"Nimekula. Nimekula peke yangu, kwenye meza ya watu sita. Huko kamba bado ipo?"

"Ipo."

Alirudi kwa treni, akaja moja kwa moja bustanini na sanduku lake. Bertin alimfunga kamba nyuma ya Paskalina. Njiani Rodgers alikaa chini mara tatu, na mara zote tatu msafara mzima ulisimama, ukatazama nyasi, ukamngoja.