Gauni la Mkono Mzito

Mama alikuwa fundi cherehani kabla kiharusi hakijampiga upande wa kulia. Mkono mmoja haulei mwana, wanasema. Mimi nililelewa na miwili yenye kazi, na sasa mmoja ukawa unaning'inia tu. Kila asubuhi alikuwa akiuchukua kwa mkono wa kushoto, anaupembeza kidogo, kisha anaulaza juu ya meza polepole, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Akishaulaza huupigapiga na kuuambia, "Tulia hapo, mvivu wewe."

Hicho ndicho Mwalimu alichokiona. Mwalimu ni jina walilompa mtunzi wa kundi la dansi ya kisasa lililopangisha ghala la zamani la saruji nyuma ya nyumba yetu. Mimi niliwashonea mavazi. Kila Jumanne walifungua milango kwa wazee na wagonjwa wa mtaa, wakaliita darasa la jamii, na ni mimi niliyempeleka mama, nikitaka anyooshe viungo na apate wa kupiga naye soga. Mwalimu alikuwa na desturi yake: kila anayekuja alete tendo moja ambalo mwili wake hulifanya nyumbani bila kufikiri. Mmoja alileta kufuta miwani, mwingine kufunga kamba za viatu. Mama akaulaza mkono wake juu ya kiti. Mwalimu akatokwa na machozi.

Tangu siku hiyo mchezo mzima ukajengwa juu ya mkono ule. Mwalimu alimshika mama bega mbele ya wote, akasema ni yeye atakayefunga onyesho, peke yake, jukwaa tupu, taa moja. Mama hakuwa mtu wa kujivuna, lakini siku hiyo alirudi nyumbani fimbo yake ya kutembelea ameibeba kama pambo. Akaanza kumeza dawa bila kubembelezwa. Majirani walichoka kusikia habari za taa moja.

Gauni nililishona kwa mapenzi yote niliyonayo. La kijivu, mkono wa kulia mpana, umepasuliwa kutoka begani hadi kwenye kifundo na kufungwa kwa vifungo vikubwa, ili alivae mwenyewe bila kuniita. Mama alikagua kila mshono, na usiomridhisha aliufumua kwa meno. Akadai mfuko. Nikamuuliza mcheza dansi na mfuko wapi na wapi.

"Wa leso," akasema. "Watalia hao watazamaji, na wa karibu nao nitakuwa mimi."

Wiki ya onyesho Mwalimu aliniita pembeni. Alikuwa na Unyoya, binti mwepesi kuliko wachezaji wake wote, amevaa gauni la mama likimpwaya. Mwalimu aliongea kwa upole, na upole huo ndio ulionichemsha damu. Eti mama anasahau pa kusimama. Eti kila mara anafanya tofauti, leo anacheka, kesho anausemesha mkono, na wageni watakaolipeleka kundi ng'ambo hawatavumilia hayo. Unyoya amelisoma tendo lile mpaka limemwingia mwilini.

"Mpunguzie kiunoni tu," akaniambia. "Mkono uache vilevile. Huo mpasuo ni mzuri sana."

Nikamuuliza ni nani atakayemwambia mama.

"Wewe ni mwanawe. Likitoka kwako atalipokea vizuri."

Atalipokea vizuri! Wale wao, vyombo nioshe mimi.

Nilirudi na gauni kwapani, nikamweleza mama bila kuzunguka, maana anachukia maneno yaliyofunikwa. Akaomba pini, akazibana mdomoni kama zamani, akaanza kunielekeza pa kupunguza. Tulipofika kwenye mfuko akasema niufumue, utavimba kwenye mwili mwembamba. Nilimwambia nitalitia gauni moto. Akakataa. Kazi haichomwi, alisema, hata ikienda kwa asiyestahili.

Usiku wa onyesho walimweka kiti cha mbele kabisa. Unyoya alitoka chini ya taa ile moja, akauinua mkono wake mzima, mzuri, akaupembeza, akaulaza juu ya meza. Watu walilia, kama mama alivyosema. Mwishoni Mwalimu akamwomba mama asimame, akawatangazia watu kwamba jamii ndiyo chemchemi ya kazi yao. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama, kwa adabu zake, alitaka kuwapigia na yeye. Akabaki anajipigapiga paja kwa mkono wa kushoto. Nililia kwa hasira na sikuona haya.

Kundi likaondoka kwenda ng'ambo. Jumanne iliyofuata mlango wa ghala ulikuwa na kufuli, na wazee waliokuja wakageuza.

Asubuhi ya siku hiyo mama alikuwa amekaa mezani, mkono wa kulia ukining'inia kando ya kiti. Nikamwekea chai. Nikasubiri auinue, mpaka chai ikaanza kupoa. Nikamuuliza kulikoni.

"Nikiuinua," akasema, "naona kama namwiga yule binti."

Nikauchukua mimi, nikaulaza mezani polepole. Nikangoja auite mvivu. Akaniomba sukari.