Mlango wa Behruz na Jiwe la Dominika

...na bado ameinyoosha ile sabuni, Bwana Alois, mwenye duka jipya pale Katandala, kamnyooshea Mwalimu Valerian mche mzima mbele ya waigizaji wote katika ukumbi wa parokia, anasema, "Mwalimu, mwishoni mwa mchezo mlango ufunguke, watu waikute sabuni yangu ndani, nami nawapa lori la kuwapeleka kuigiza mpaka Mtowisa," na Valerian anaona kinyaa kitupu, soko huria limefika hata kwenye mlango wa marehemu, maana mlango ule ni wa Behruz, yule Mwirani aliyetunga mchezo wa watu waliopanga foleni mbele ya mlango uliochorwa ukutani, kwao wakaupiga marufuku enzi za mfalme, mfalme akapinduliwa, waliotawala baada yake nao wakaupiga marufuku vilevile, akafia ugenini katika chumba cha kupanga, na barua yake moja tu kwa Valerian ilisema badilini mtakacho ila mlango usifunguke... wenye bunduki hawakuufungua, leo aufungue muuza sabuni? ..."Mwalimu, unanisikia lakini?" ...anasikia, tena sana, ila macho yametua kwenye mawe, yale aliyoyaongeza yeye mwenyewe kwenye mchezo, kama miaka ya uhaba watu walivyoacha jiwe lishike nafasi mlangoni pa duka la ushirika, wao wakaenda kwenye mashamba ya ulezi, Behruz angecheka, foleni ya mawe... na nyuma ya mawe amekaa Dominika, mama mtu mzima anayeigiza mjane, anangoja, kama alivyongoja mwaka ule wa foleni ya sabuni, jiwe lake jeupe la tatu, la Valerian la tisa, alfajiri, hakuna mtu, ukungu mtupu, na mkono ukainama wenyewe... wenyewe? mkono wa nani?... jeupe likawa la tisa, la Valerian la tatu, sabuni ikaishia kwa wa nane, na wiki ileile Dominika akamwosha marehemu mumewe kwa maji na majivu, Valerian akaenda msibani shati lake linanukia... "Mwalimu, tufungue au tusifungue?" Dominika anauliza taratibu, hana kinyongo, hajui, hajawahi kujua, na sabuni bado iko pale pale puani, harufu ileile, ila kinyaa kimemwacha Alois, kimehamia kwenye mkono wake mwenyewe, mlango hautafunguka, lori au miguu, hilo limekwisha, lakini mbele ya mlango huo, katika mchezo, atatokea mtu asogeze jiwe jeupe watu wote wakimwona, Dominika naye akimwona, na mtu huyo Valerian atamwigiza mwenyewe... Alois anakohoa, anangoja jibu.