Transfoma ya Chikonje

Gresham Likoswe alikuwa ameijaza fomu ileile mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Februari, radi ilipoichoma transfoma ya kijiji cha Chikonje. Mara ya pili Mei, alipoambiwa fomu ya kwanza haionekani. Mara ya tatu Agosti, alipoambiwa fomu zimebadilika. Kila mara ofisi ya umeme ya Blantyre ilimjibu kwamba transfoma hazipo, zinasubiriwa. Na kila alipopita Chikonje na kikosi chake kwenda kutengeneza laini za kwingine, watu walisimama kando ya barabara wakamkazia macho yeye, maana ndiye aliyevaa kofia nyeupe ya msimamizi. Ofisi hawakuijua. Walimjua yeye.

Kwa hiyo asubuhi moja ya Oktoba alipokabidhiwa transfoma, hakuuliza imetoka wapi. Aliifunga minyororo kwa mikono yake mwenyewe, akapanda lori na kumwambia dereva Fyson aondoke kabla mtu hajabadili mawazo.

Saa nne walikuwa Chikonje. Joto la bonde la mto Shire lilishaanza kuuma, chuma hakishikiki bila glavu. Chini ya nguzo palikuwa pamefagiwa safi kama ua wa harusi. Aliyefagia ni Mama Nasibeko, mwenye mashine ya kusaga. Tangu Februari mashine ile ilikuwa kimya, na wanawake wa pale walikuwa wakibeba mahindi kichwani hadi Ngabu, kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, ndipo wale nsima, ugali wa kwao.

"Likoswe, mwanangu," alisema Mama Nasibeko, "leo umetuletea kitu au umetuletea salamu tena?"

"Leo nimeleta kitu, mama."

Mwanamke yule aliitazama transfoma kwa muda mrefu, kisha akaenda kuwaita wenzake.

Estery, fundi wake wa kupanda, alijifunga mkanda akapanda nguzo. Kreni ya lori ikainyanyua transfoma polepole. Ilikuwa inaning'inia hewani, haijafika hata nusu ya safari, simu ya Gresham ilipolia. Alikuwa Bwana Gondwe, meneja wake.

"Ishushe," Gondwe alisema. "Irudishe kwenye lori. Inakwenda Thyolo."

Kulikuwa na mheshimiwa mmoja huko, transfoma ya nyumbani kwake ilikuwa imelipuka alfajiri, na Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake. Gondwe aliyaeleza hayo haraka haraka, kama mtu anayesoma orodha ya dawa za kununua.

"Mkuu, hii ni ya Chikonje," Gresham alisema. "Karatasi ya kazi inasema Chikonje."

"Karatasi hiyo niliiandika mimi."

"Basi niandikie nyingine. Nitumie ujumbe tu kwenye simu, kwamba niiondoe Chikonje niipeleke kwa fulani. Nikiupata, naishusha."

"Tangu lini mimi na wewe tunaandikiana barua, Gresham?"

"Tangu leo, mkuu."

Gondwe alisema anakuja mwenyewe, akakata simu.

Kutoka Blantyre hadi pale ni mwendo wa saa moja na nusu. Kazi iliyobaki, ikifanywa inavyotakiwa, ilitaka saa mbili. Gresham alipiga hesabu hiyo mara mbili na mara zote mbili ikamkataa. Akawaambia wenzake ukweli wote, akawapa ishara waendelee.

Transfoma ilipokaa mahali pake na boliti kukazwa, Estery aliinama kutoka juu. "Bosi, tuache kupima. Kitu kipya hiki. Tukiwashe, akija akute taa zinawaka."

Gresham alitamani kukubali. Kila mtu pale alitamani akubali. "Ikilipuka mbele ya hawa akina mama," alisema, "nani atanipa nyingine? Pima."

Estery akawasha kipimo. Hakikuwaka. Betri zilikuwa zimekufa. Gresham alikuwa ameziomba stoo wiki mbili zilizopita, akaambiwa zinasubiriwa. Fyson alikimbia madukani akarudi mikono mitupu. Ni Mama Nasibeko aliyeingia ndani bila kuulizwa kitu, akatoka na redio yake, akaifungua mgongo na kuzitoa betri moja moja. Kipimo kikaamka. Transfoma ilikuwa nzima. Lakini dakika arobaini zilikuwa zimekwenda.

Gari la Gondwe lilichelewa njiani, lakini lilifika Estery akiwa bado juu, anakaza waya wa mwisho. Meneja alishuka, viatu vyake vikazama kwenye vumbi. Hakufoka. Alimsogelea Gresham kama mtu anayemjulia hali mgonjwa, akasema kwa sauti ya chini, "Iteremshe. Usinifanye nirudie."

Gresham alikuwa ameshika fimbo ndefu ya kufungia fyuzi. "Laini bado imezimwa, mkuu. Ukitaka ishuke, itashuka. Ila hawa utawaambia wewe."

Gondwe ndipo alipogeuka. Kumbe tangu wasikie transfoma imeletwa, wanawake walikuwa wakija kutoka kila upande, wakaweka beseni zao za mahindi kwenye mstari mmoja mrefu, kutoka mlangoni pa mashine hadi kwenye gurudumu la gari lake. Halafu Mama Nasibeko akauliza, kwa heshima kabisa, "Bwana mkubwa, na wewe umekuja kutuwashia?"

Gondwe aliutazama ule mstari wa beseni. "Ndiyo, mama," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote. "Nimekuja kuhakikisha kazi yenu inakwisha leo."

Estery alishuka. Gresham akafunga fyuzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mashine ikanguruma, na vigelegele vikapanda hata akashindwa kusikia mngurumo wenyewe. Vilikuwa vya Gondwe. Wanawake walimzunguka wakamshika mkono, mmoja akamletea jogoo aliyefungwa miguu. Gondwe alimpokea, akashukuru, akampa Fyson amweke kwenye buti. Gresham alikuwa upande wa pili wa lori anakunja kamba.

Siku nne baadaye barua ilikuja, na hii iliandikwa vizuri sana. Ilisema amehamishiwa yadi ya nguzo, Blantyre, kwa manufaa ya kazi. Kofia nyeupe aliirudisha.

Kazi ya yadi ilikuwa kugonga nguzo kwa nyundo na kusikiliza zilizooza. Siku ya tatu alikwenda nyuma kabisa, ambako nyasi zilikuwa zimepanda hadi magotini, akakuta turubai. Alilifunua. Chini yake kulikuwa na transfoma tatu, mpya, na tarehe za kupokelewa zilikuwa za mwaka uliopita. Pembeni palikuwa na alama ya mraba kwenye nyasi, pale ya nne ilipokuwa imekaa. Nyasi za hapo zilikuwa bado za njano.

Akamwita mtunza yadi, mzee mpole aliyeitwa Matemba.

"Ah, hizo ni za akiba," Matemba alisema. "Za wakubwa wakikwama. Moja ilikwenda Thyolo Ijumaa, kwa mheshimiwa. Arusi ilifana, nasikia."

Gresham alikaa juu ya nguzo. Alikumbuka fomu tatu, na miezi minane. Na alijua kwa kichwa majina ya vijiji vitano vingine vilivyokuwa vikisubiri. Matemba alimkaribisha chakula, yeye akasema hana njaa.

Mchana huo alikwenda ofisini kwa Gondwe kudai transfoma zile kwa ajili ya vijiji vile. Karani alimwambia meneja ametoka. Gresham akasema atasubiri, akakaa kwenye benchi hadi ofisi ikafungwa. Siku iliyofuata karani alimwambia meneja yuko kwenye kikao, na Gresham akamwona kupitia kioo, yuko peke yake, anakunywa chai. Akakaa tena.

Siku ya tatu alikuja na nsima yake ndani ya bakuli, akakaa kwenye benchi lilelile.