Bega la Kwandu

Kiswahili chetu kina adabu. Mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, haubanduki, kama mama mkwe aliyekuja kusalimia tu. Kiingereza je? Mkazo unazurura kama ng'ombe wa Bulugu. Picha ni FO-to-graf, mpiga picha ni fo-TO-gra-fa. Nani kauhamisha, hatuambiwi.

Mwalimu Rwekaza, anayefundisha tuisheni sebuleni kwake hapa Biharamulo, alipata dawa. Neno refu analikata kwa chaki vipande vipande, mtoto anasoma, yeye kasimama nyuma na fimbo. Ikifika silabi ya mkazo, fimbo inatua bega la kushoto. Aliyekula nyingi ni Kwandu, binti wa huyo Bulugu, Msukuma wa kuja, asiyejua alalamike wapi.

Ikafika mahali fimbo haihitajiki. Kwandu akiliona neno tu, bega linaruka lenyewe, mahali pake hasa. Wenzake wakaacha kutazama ubao, wakawa wanatazama bega.

Basi akaja Sista Domisiana kutafuta mtoto mmoja wa kusomeshwa bure bwenini. Kwandu aliitaka nafasi ile kuliko chakula. Akiikosa, ni kuchunga. Akasimamishwa kushindana na Happy, binti wa mwenye duka la dawa.

Sista akaandika ubaoni neno la mpiga picha. Sisi watu wazima tuliokaa pale tungesema foto-GRA-fa bila aibu. Kwandu akapatia, bega likaruka. Sista akamuuliza amejuaje.

"Ndipo panapouma, Sista."

Rwekaza akawahi kucheka, kwa hiyo Sista naye akacheka.

Likaja neno la Happy: de-MO-kra-si. Happy akasoma taratibu, jicho pembeni. Bega la Kwandu likaruka, naye Happy akaikandamiza silabi hiyo hiyo.

Wote wawili wamepatia, ila mmoja anarukaruka. Rwekaza akanong'ona kwamba ni ugonjwa wa ukoo wao, atawatisha wenzake usiku. Akachukuliwa Happy.

Kwandu sasa anachunga. Akipita na ng'ombe dirishani pa tuisheni, bega bado linajibu.

Juzi Sista kapiga simu. Happy hasomi neno refu hata moja, anakodolea mabega ya wenzake tu. Mwalimu, tufanyeje?

"Anza na la kushoto," akasema Rwekaza.