Dakika Kumi na Mbili za Antonin

Jumanne ya wiki ya mashindano, Antonin alikaza nati ya mwisho ya lango la uzio lililokuwa mbele ya nyumba yake, akapanda ngazi hadi orofa ya pili, akamwambia mkewe kwamba amechoka kidogo, akajilaza kitandani na viatu vyake miguuni. Orsola alipoingia kumgombeza kwa ajili ya shuka, akakuta hana tena mtu wa kumgombeza.

Alikaa naye nusu saa kabla ya kumwita yeyote. Nje nyundo zilikuwa zinagonga vyuma na malori yanashusha viti vya majukwaa. Monako nzima ilikuwa inafungwa kwa uzio, kama kila Mei, ili magari ya mbio yapite katika barabara za watu. Na mtu aliyeufunga uzio huo kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa amelala hapa, spana yake bado mfukoni. Orsola aliichomoa, akaiweka juu ya meza ya jikoni, kando ya bakuli la mchicha aliokuwa akiukatakata kutengenezea barbajuani, zile sambusa ambazo Antonin alizila moto moto huku akipuliza vidole.

"Umeona?" alimwambia kutoka jikoni. "Hata mwaka huu wamekuchukua."

Maana Jumamosi hiyo ilikuwa siku yao. Walifunga ndoa mwezi wa Mei, miaka hamsini iliyopita, katika kanisa la Mtakatifu Devota, lile dogo lililojibana kwenye korongo penye kona ya kwanza ya mashindano. Miaka tisa baadaye Antonin alijitolea kushika bendera pale pale konani, na tangu hapo Orsola alikula chakula cha sikukuu ya ndoa yao peke yake, madirisha yamezibwa kwa karatasi ya gundi, paka amejificha kabatini, sahani zinaimba rafuni kila gari linapopita. Masizi ya matairi yalitua juu ya maua yake ya roshanini. Kuanzia mwezi wa Machi alikuwa haoni bahari ila kupitia matundu ya waya, na kwenda kununua mkate ng'ambo ya barabara kulimgharimu ngazi themanini za daraja la muda, arobaini kupanda na arobaini kushuka, kwa magoti yake yale.

Lakini mwaka huu Antonin aliahidi. Siku ya Mwaka Mpya alimshika mkono, akasema, "Mei hii siivai ovaroli. Jumamosi ile tutatoka hapa mlangoni, mimi na wewe, tutembee katikati ya barabara mpaka kwa Mtakatifu Devota, Padri Sauveur atubariki upya. Nimeshamwambia. Lango nitalifungua mwenyewe."

"Na magari?"

"Yatangoja."

Orsola alicheka mpaka akakohoa. Magari yalikuwa hayajawahi kumngoja mtu.

*

Jumatano asubuhi alivaa gauni jeusi, akapanda zile ngazi themanini, akaenda ofisi ya mashindano. Alipokelewa na Bwana Delorme, kijana nadhifu aliyesimamia ratiba. Alimvutia kiti, akampa maji, akasema kwa huzuni ya kweli:

"Pole sana, mama. Mzee Antonin alikuwa baba yetu sote hapa."

"Ahsante. Basi Jumamosi saa sita na nusu mtamfungulia baba yenu lango. Misa yake iko kwa Mtakatifu Devota."

Delorme aliiweka kalamu chini. "Mama, kanisa lile liko ndani ya njia. Pale ndipo kona ya kwanza."

"Najua liko wapi. Lilikuwepo kabla ya kona yenu."

"Jumanne ijayo barabara zitakuwa wazi kutwa. Tutamfanyia maziko makubwa, na bendi..."

"Jumanne si siku yetu."

Alieleza habari ya ahadi, kwa kifupi, bila kulia. Delorme alisikiliza, akajikuna shingo. "Kuna daraja la muda. Vijana wanaweza kulipitisha jeneza. Tatizo ni pale juu daraja linapopinda, ngazi ni nyembamba, itabidi lisimamishwe."

"Lisimamishwe vipi?"

"Wima. Kwa sekunde chache tu, mama."

"Mume wangu si kabati."

Orsola aliinua macho, akaiona ratiba ya Jumamosi ukutani, imegawanywa kwa rangi. Alivaa miwani. Kati ya mazoezi ya magari madogo na yale ya magari makubwa palikuwa na kipande cha rangi ya dhahabu.

"Hiki ni nini?"

"Hicho? Ni wageni wa heshima. Wanazungushwa katika magari ya wazi, wanapungia watu mikono."

"Dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Toka mlangoni kwangu hadi kanisani ni dakika nane kwa mguu. Wenye jeneza begani wape kumi na mbili. Unabakiwa na nane za kupunga mikono. Zinatosha, mikono yenyewe ni miwili."

"Haiwezekani, mama. Kuna televisheni, kuna bima, kuna watu waliotoka mbali..."

Orsola alisimama, akavua miwani. "Sikuja kuomba, mwanangu. Nimekuja kukuarifu, usije ukasema hukuambiwa."

*

Alhamisi magari yalianza mazoezi. Jioni, kabla jua halijatua, Lazare alifika na kofia mkononi. Alikuwa fundi umeme wa miaka hamsini na kitu, mwenye mabega mapana, aliyefunzwa bendera na Antonin, na sasa ndiye mkuu wa kituo cha kwanza cha washika bendera, pale pale konani. Orsola alimwekea barbajuani mbele. Hakugusa.

"Kula. Au na wewe umekuja kuniambia juu ya Jumanne?"

"Nimekuja kukaa tu, shangazi."

"Kaa basi. Nami nikuulize, maana huyu wangu hakuwahi kunijibu. Mnapenda nini? Anayetoka wa kwanza ndiye anayefika wa kwanza, barabara nyembamba, hakuna anayempita mwenzake. Haya ni maandamano, Lazare. Maandamano yenye kelele."

Lazare alitabasamu. "Wa kwetu wenyewe wanasema hivyo hivyo. Lakini, shangazi, katika viwanja vingine dereva akikosea anaingia kwenye nyasi, anarudi. Hapa akikosea ni ukuta. Kwa hiyo hapa wanaendesha kweli. Nimeona tairi likiugusa uzio hivi," akapitisha ukucha juu ya meza, "likauacha. Mtu akiona hilo mara moja, kila Mei atarudi. Na mzee alisema wewe mwenyewe unayatambua magari kwa sauti ukiwa jikoni."

"Mzee wako alikuwa mwongo."

Chini, gari la mwisho la siku lilipita kuelekea konani. Sahani ziliimba. Orsola, kisu mkononi, aliinamisha kichwa kidogo. "Huyo amechelewa kukanyaga breki," alisema.

Mara wakasikia matairi yakilia, na kishindo cha plastiki ikivunjika.

Wakatazamana. Lazare aliuma midomo asicheke, akachukua sambusa ya kwanza.

"Nisikilize, shangazi," alisema akitafuna. "Gari haliondoki mpaka vituo vyote viseme 'tayari' kwenye redio. Vyote. Kimoja kikisema 'bado', hata awe mfalme, anakaa ndani ya gari lake anapigwa jua."

"Na kituo cha kwanza ni chako."

"Ni cha mzee. Mimi nakishika tu. Tuko kumi na wanne pale. Sita watabeba jeneza, na mtu hawezi kubeba jeneza akasema yuko tayari kushika bendera. Huo si uongo, ni ukweli mtupu."

"Watawafukuza."

"Kutufukuza wapi? Hatulipwi. Tunapewa mkate na chupa ya maji." Alitafuna, kisha sauti yake ikashuka. "Watatunyang'anya ovaroli, labda. Hilo litauma. Nimewauliza wenzangu mmoja mmoja. Hakuna aliyekataa." Alinyoosha mkono juu ya meza. "Nipe spana, nitakufungulia lango."

Orsola aliivuta spana upande wake. "Wewe beba mzee wako. Lango ni langu."

*

Jumamosi, saa sita na dakika arobaini, magari madogo yalikuwa yameondoka njiani na wageni wa heshima walikuwa wameketi katika magari ya wazi, kofia zao nyeupe, miwani yao myeusi. Orsola alitoka mlangoni kwa gauni jeusi. Nyuma yake, ndani ya ukumbi wa ngazi, wanaume sita wenye ovaroli walikuwa wamelishika jeneza.

Aliweka spana kwenye nati ya kwanza. Ikazunguka. Ya pili nayo. Mlinzi wa lango, aliyevaa kizibao cha kijani, alisogea. "Mama, huruhusiwi."

"Najua," alisema Orsola, akaendelea.

Alifika kwenye nati ya mwisho, ile ya chini, ile ya Jumanne. Haikusogea. Akasukuma kwa mikono miwili, wapi. Antonin alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote za mwisho, kama alivyokaza kila kitu, hata vifuniko vya chupa za nyanya ambavyo kwa miaka hamsini Orsola alilazimika kumwita aje afungue.

"Shangazi, acha nikusaidie," Lazare alinong'ona, bega lake chini ya jeneza.

"Nyamaza wewe."

Kule juu ya majukwaa watu walianza kupiga miluzi. Bwana Delorme alikuwa anakuja mbio kando ya njia, redio sikioni, tai imemrukia begani. Orsola aliisikia redio ile ikiviita vituo, kimoja kimoja. Cha nne, tayari. Cha tatu, tayari. Cha pili, tayari. Cha kwanza?

"Cha kwanza, bado," ilijibu sauti ya kike, kijana aliyebaki konani na bendera nyekundu.

Orsola alipanda juu ya mpini wa spana kwa mguu wake wa kulia, akashika uzio, akaweka uzito wake wote. "Antonin," alisema kwa hasira, "acha ubishi."

Nati ikalia, ikaachia.

Lango lilifunguka. Delorme alifika akihema, akasimama kati yake na barabara. "Mama Orsola, nakusihi. Nina watu mia moja wananiita hapa."

"Mimi nina mmoja tu. Pisha."

Delorme alimtazama, akalitazama jeneza lililokuwa linatokeza gizani, na ovaroli sita chini yake. Wa mbele kushoto machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuwa na mkono wa kuyafuta. Delorme alipisha. Baada ya hatua mbili tatu alijikuta anatembea kando yao, tai ameirekebisha.

Walikwenda katikati ya barabara. Orsola hakuwa amewahi kuikanyaga mwezi wa Mei. Lami ilikuwa na joto na inanata kidogo chini ya viatu, nyeusi kwa mpira, na mistari ya matairi yote ilikuwa inaelekea upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo. Aliifuata kwa macho mpaka pale ilipoukaribia uzio wa konani. Nafasi iliyobaki haikuzidi upana wa kiganja. Aliuweka mkono pale, akaipima. Watu walikuwa wanapita hapa kwa mwendo ule, mara sabini na ngapi, kwa nafasi hii. *Basi hiki ndicho ulichokuwa unakitazama,* alimwambia moyoni. *Ungenileta hata siku moja, mzembe wewe.*

Miluzi ilikuwa imekwisha. Mtu mmoja alivua kofia, kisha safu yake, kisha jukwaa zima likasimama kwa kishindo cha viti. Konani, washika bendera waliobaki walikuwa wametoka nje ya uzio, wameinua bendera zote kwa pamoja, za rangi zote, kama wanavyofanya mwisho wa mashindano kuwaaga madereva.

"Mama," Delorme alinong'ona, "dakika kumi na nne sasa."

"Nimeolewa miaka hamsini. Hesabu vizuri."

Padri Sauveur alikuwa mlangoni pa kanisa. Jeneza liliingia, likawekwa mbele ya altare, pale pale waliposimama wawili wakiwa vijana. Delorme alisimama kizingitini, redio inapiga kelele mkononi. "Na kutoka je, mama? Baada ya misa?"

"Atakaa hapa mpaka mfungue barabara jioni. Kungoja si kazi kubwa. Mimi nimengoja miaka arobaini na mmoja."

Wanaume sita waliinama mbele ya jeneza, watano wakakimbia kurudi konani. Lazare alibaki nyuma, akampa Orsola redio yake.

"Kituo cha kwanza?" sauti iliuliza, imechoka. "Kituo cha kwanza, mko tayari?"

Orsola aliitazama mishumaa. Miwili ilikuwa haijawashwa. "Bado," alisema. Akamngoja padri aiwashe, taratibu, wa kushoto na wa kulia. Akakinyoosha kitambaa kilichofunika jeneza. Kisha akabonyeza tena.

"Kituo cha kwanza, tayari."

Alimrudishia Lazare redio. Spana aliitia katika mkoba wake na kufunga zipu.

Wageni wa heshima walipata dakika nne za kupunga mikono. Padri alikuwa katikati ya somo la pili wakati magari makubwa yalipotoka, na vioo vya kanisa vikaanza kutetemeka. Padri alipaza sauti, akashindwa, akanyamaza angoje. Orsola alikuwa amefumba macho. Gari la kwanza lilishuka gia nje ya mlango, la pili, la tatu.

Alisogea mbele kwenye benchi, mdomo karibu na mbao za jeneza.

"Wa tatu," alisema. "Umemsikia? Huyo ndiye anayeendesha kweli."