Pipi za Samahani

Nyumbani kwetu samahani haikuwa neno, ilikuwa pipi. Dada yangu hupika kwenye kantini ya kiwanda na akirudi mwanawe keshalala, basi humwekea pipi chini ya mto. Shemeji ni dereva wa lori. Akirudi safari huja na pipi tele kwenye mfuko wa shati. Bibi, anayeshinda na mtoto, humpa kipande cha sukari guru ili anyamaze. Mimi nashona, na nikimtuma uzi na vifungo simtumi bure. Kila mmoja alijiambia: moja tu, haina neno.

Mtoto tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Yuko darasa la pili. Mwalimu alimchagua awe Jino Jeupe kwenye mchezo wa kuigiza mbele ya wazazi, nami nikamshonea vazi kwa shuka jeupe. Wiki ileile shavu likatuna kama kaficha limau zima ndani. Chiriku akawa kimya. Hapo ndipo tulipoogopa.

"Nisipopona, Jino Jeupe atakuwa yule mtoto wa jirani," aliniandikia kwa chaki sakafuni, machozi yakimtoka. "Na yeye hajui hata maneno."

Tukaenda naye wote wanne, tukabanana kwenye benchi moja. Daktari wa meno akamchungulia, kisha akatugeukia.

"Nani anampa vitamu?"

"Mimi, moja tu," dada akasema, "nikichelewa kurudi."

Shemeji akamtazama. "Kumbe na wewe?"

"Mimi simpi pipi," Bibi akasema. "Nampa sukari guru. Ile ni dawa."

Daktari akaniangalia. Nikaangalia dari.

"Na mama mdogo je?"

"Za kwangu za mnanaa, daktari. Nilidhani zinasafisha."

Daktari akashusha pumzi. "Hili jino la utotoni nalitoa. Mengine yataokoka mkitaka. Kila jioni mmoja wenu asimame naye akipiga mswaki. Na mkimkosea, mwambieni samahani kwa mdomo."

Tukatazamana kama watu walioambiwa waruke angani.

Siku ya mchezo shavu lilikuwa limenywea. Chiriku akasimama mbele, mweupe pe, akafungua kinywa chote.

"Mimi ni Jino Jeupe." Akatia kidole penye pengo. Yaliyofuata hayakuwa maneno ya mwalimu. "Mwenzangu alikaa hapa. Ameliwa na Mama, Baba, Bibi na Mama Mdogo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bibi akajifunika uso kwa kanga. Mwalimu alicheka mpaka akasahau kumsahihisha.

Shemeji aliingia watu wakianza kutoka. Mtoto akamkimbilia na shuka lake. Mkono wa shemeji ukaenda mfukoni wenyewe, kwa mazoea. Sisi watatu tukaukodolea macho. Ukatoka mtupu.

Akakohoa. Akajikuna shingo.

"Samahani, mwanangu. Nimechelewa."

Chiriku akatega sikio. "Sijasikia, Baba. Rudia."