Ubavu wa Kushoto

Selina alimsikia Mtemi kabla ya kumwona. Jua ndiyo kwanza lilikuwa linachomoza juu ya mawe ya Mtinko, naye amesimama mlangoni mwa chumba cha ng'ombe na kibuyu cha maji mkononi, na kutoka ndani ikaja sauti ambayo ng'ombe mzima haitoi: mkoromo mfupi, kimya, mkoromo tena, kama mzee anayepanda kilima na gunia mgongoni.

Akaweka kibuyu chini, akaingia.

Maksai alikuwa amesimama, miguu ameipanua, shingo ameinyoosha, ulimi nje. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umevimba ukapita uti wa mgongo. Selina aliupiga kwa vidole. Ukalia kama ngoma.

"Mungu wangu," alisema. "Miezi minane yote, ukachagua leo?"

Kwa miezi minane Mtemi hakutoka katika chumba kile cha tembe ila kwenda kunywa maji. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu alikaa ndani akiletewa, na hakuuliza hata siku moja chakula kimelimwa na nani. Selina alimbebea mabua laini ya mtama, majani ya viazi, pumba za uwele na chumvi ya ziwani. Aliondoa kupe kwa mkono. Alimlaza juu ya majani makavu wakati watoto wake wawili wanalala juu ya ngozi. Sasa nundu ilikuwa imelegea upande mmoja kwa mafuta, na familia kumi na nne zilikwisha kuja, moja moja, zikamshika mgongo na kuchagua mafungu yao. Huyu paja. Yule kidari. Mwingine mbavu za upande wa kulia, na asibadilishiwe. Leo kabla ya adhuhuri wangefika na vikapu vyao.

Yote hayo yalizaliwa na hasira. Mwaka wa pili baada ya vita Selina alipeleka maksai mwingine kwenye mnada wa serikali. Alisimama kutwa kwenye vumbi, na mwisho mchuuzi mmoja akamgonga ng'ombe wake fimbo ya kiuno, akasema, "Mifupa hii," na karani akaandika mifupa. Selina alirudi nyumbani akaapa kwamba ng'ombe wake mwingine hataonja fimbo ya mchuuzi. Ataingia katika vyungu vya watu anaowajua kwa majina.

Shemeji yake Antipasi alicheka mbele ya ukoo. Laurenti, mume wa Selina, alikuwa amerudi kutoka migodi ya Sekenke na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kaburini, akaacha Mtemi, ng'ombe wengine sita na watoto wadogo, na Antipasi ndiye kaka mkubwa. "Mwanamke hukamua," alisema. "Hauzi." Wazee wa ukoo walivutana siku nzima, kisha wakakata shauri: Selina ajaribu kwa huyu mmoja. Akiwafikia wateja salama, zizi la Laurenti libaki mkononi mwake hadi watoto wakue. Akishindwa, ng'ombe wote wahamie kwa Antipasi.

Na sasa huyu mmoja alikuwa anakufa kwa kushiba.

Selina alijua kisa chake, maana alikifanya mwenyewe. Jana jioni mteja wake Yunisi, mwanamke mwenye ulimi usio na ala, alipita akachungulia. "Mbona ubavu umebonyea? Au Mtemi naye anafunga Kwaresima?" Alitania tu, akaenda zake. Lakini Selina hakulala na utani ule. Alimpa Mtemi chumvi konzi mbili, akamjazia kihori machicha ya pombe yaliyokuwa bado ya moto kutoka kwenye chungu, kisha akamwacha anywe maji atakavyo. Ilikuwa hila ya mnadani, ileile wachuuzi wanayotumia ili ng'ombe aonekane mnene asubuhi, ileile aliyoitukana mwaka mzima.

"Hodi humu!"

Alikuwa Mzee Alute, mchinjaji. Wakristo na Waislamu wa Mtinko wote walikula kwa kisu chake. Nyuma yake alikuja Melkiori, jirani aliyeahidi kusaidia kushika kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za—" Alute akanyamaza. Alimzunguka maksai mara moja, akamnusa pua. "Huyu ananuka kilabu."

"Amevimbiwa," Selina alisema.

"Hilo hata kipofu angelijua. Fanya haraka."

Walimfunga kijiti mdomoni kama hatamu ili atafune na kutoa mate. Wakammiminia samli kooni kwa pembe. Wakamtoa nje, wakampandisha kile kilima kidogo nyuma ya nyumba, Melkiori akivuta, Selina akisukuma kwa bega, na katikati ya kilima Mtemi akapiga magoti. Macho yalimtoka. Ufizi ulikuwa unageuka rangi ya majivu.

Mzee Alute akachomoa kisu.

"Nimchinje sasa hivi, bado ana uhai," alisema. "Akitangulia yeye kabla ya kisu changu ni mzoga, na mimi na watu wangu hatugusi. Hata ninyi wa kanisani msingekula, msidanganyane."

Selina alikitazama kile kisu. Kingemaliza kila kitu. Nyama ingekuwa imekwisha kutundikwa watu wakifika, nyekundu na safi, na nani angejua? Lakini alijua nani angejua. Hapa mteja humwona ng'ombe akitembea kwa miguu yake hadi mahali pa kuchinjiwa, ndipo hukunjua kikapu. Nyama iliyochinjwa kabla watu hawajafika ni nyama ya maswali. Wangeulizana njia nzima kama alichinjwa au aliokotwa, na Antipasi angewajibu bila kuulizwa.

"Hapana, mzee. Atembee mbele yao."

"Kwa miguu ipi?"

"Atobolewe ubavu, hewa itoke." Akamgeukia Melkiori. "Wewe umewahi kuona. Laurenti alimtoboa ndama wenu."

Melkiori akaachia kamba kana kwamba imeshika moto. "Nimeona, sijafanya. Mimi nikimtoboa akafa, Antipasi atasema nimemuua mimi. Nina watoto, Selina."

"Na mimi nina mawe?"

"Sikusema hivyo."

"Basi shika kichwa, hicho hakina lawama. Mzee, niazime kisu."

"Hiki ni cha kuchinjia tu," Alute alisema taratibu. "Lakini kiunoni ninacho kidogo." Akampa.

Selina alikata tete lililokuwa limeegemezwa ukutani, urefu wa shubiri, akalipuliza kuhakikisha liko wazi. Alikuwa amemshikia Laurenti taa na kamba mara mbili, na mara zote mbili alifumba macho wakati wa kisu. Sasa aliyafumbua hadi yakauma. Upande wa kushoto, kamwe si wa kulia. Akaweka kiganja kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pale palipopanda juu kuliko pote. Ngozi ilikuwa imekazana kiasi kwamba kisu kiliteleza mara ya kwanza, kikachora mstari mwekundu tu.

"Kwa nguvu," alisema Alute. "Unamhurumia nani?"

Selina akasukuma kwa uzito wake wote. Kisu kikazama hadi mpini. Akakizungusha kidogo, akapenyeza tete kando yake, akachomoa.

Hewa ikatoka kwa mlio mkali, ikamtimua Melkiori hatua tatu. Ilinuka machicha na uchachu. Povu likafuata, likakwama, Selina akazibua tete kwa kijiti, hewa ikatoka tena. Ubavu ukaanza kushuka, polepole. Kisha Mtemi akakoroma, akainua kiuno, akasimama, akitetemeka miguu yote minne.

Ndipo waliposikia sauti za watu njiani.

Walikuja wengi kuliko kumi na wanne, maana ng'ombe akichinjwa hata asiyenunua huja kutazama. Yunisi alikuwa mbele, kikapu kichwani. Antipasi alikuwa nyuma, mikono mitupu, amevaa koti lake la baraza. Alipoliona tete likitokeza ubavuni mwa maksai, akapita katikati ya watu hadi mbele.

"Shemeji," alisema, "siku hizi ng'ombe wanavutia tumbaku ubavuni?"

Watu wachache wakacheka. Wengi hawakucheka.

"Huyu ni mgonjwa," Antipasi aliendelea, sasa kwa sauti ya mkutano. "Jamani, mmeitwa kuuziwa ugonjwa. Nilisema mimi. Wazee nao wapo, wamesikia."

"Amekula nini?" aliuliza Yunisi, akimtazama Selina, si ng'ombe.

Selina alikuwa na majibu matatu tayari mdomoni. Majani mabichi. Mtoto alifungua kamba. Shetani. Antipasi aliyaona yote matatu usoni pake na akatabasamu, kwa sababu alikuwa anangoja lolote kati ya hayo.

"Machicha," Selina alisema. "Kihori kizima, ya moto, na chumvi, na maji juu yake. Nilimpa mimi jana, ili leo mmwone mnene zaidi ya alivyo. Hana ugonjwa. Ana ujinga wangu tumboni."

Mwanamume mmoja akatema mate. "Tumewakimbia wachuuzi tukaja kwa mchuuzi mwenye kanga," alisema, akakunja gunia lake, akaondoka. Wengine wawili wakamfuata. Selina hakuwaita. Yunisi alibaki, lakini alishusha kikapu chake akakikalia, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuondoka, kwa kuwa alikuwa hajaamua.

"Sema wewe, mzee," mtu mmoja akamwambia Alute. "Kisu ni chako."

Mzee Alute alikuwa anafuta mikono kwa majani. "Mimi sijui baraza. Najua ng'ombe. Ng'ombe akiumwa hacheui. Akicheua, amepona, nami nitamchinja na nyumbani kwangu kutapikwa. Asipocheua, simgusi."

"Hadi lini?" Antipasi aliuliza. "Tukae hadi masika?"

"Hadi alasiri. Baada ya hapo wa mbali hawatafika kwao na nyama kabla fisi hawajatoka."

Wakakaa.

Selina aliwahi kungoja mvua, aliwahi kungoja habari kutoka Sekenke, lakini hakuwahi kungoja mdomo. Mtemi alisimama kivulini, kichwa chini, mdomo umefungwa. Nzi walimtembea machoni. Watu waliketi wamemzunguka, na kila alipotikisa sikio mtu alishtuka. Adhuhuri ikapita. Alute akaenda kuswali, akarudi. Mtemi akajinyea, na wanawake wazee wakainamia kinyesi, wakakigeuza kwa fimbo na kubishana kwa Kinyaturu kama ni kizuri au kibaya. Wateja wengine wawili wakaondoka. Selina akahesabu wateja waliobaki bila kutaka: tisa.

Antipasi alikuwa anazunguka zizi. Alimpapasa ng'ombe wa maziwa mgongoni, akamwangalia meno ndama jike, kama mtu anayechagua mahali pa kumfunga.

"Shemeji," Selina alisema, "bado hajawa wako. Toa mkono kinywani mwake."

"Naangalia tu."

"Angalia kwa macho."

Yunisi akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kicheko kifupi, akajizuia.

Jua likageuka. Vivuli vilianza kutambaa kutoka kwenye mawe. Mwanamke mmoja kutoka mbali akasimama, akajifunga kanga kiunoni, akamtazama Selina kama anayeomba radhi. Selina akaitikia kwa kichwa. Mama yule akainama kuchukua kikapu.

"Tulia," alisema Mzee Alute.

Kitu kilipanda shingoni mwa Mtemi. Donge, likapita chini ya ngozi kutoka kifuani hadi kooni. Taya likasogea upande. Likasimama. Kisha taya likarudi upande wa pili, likaenda tena, bila haraka, na mate yakaanza kushuka mdomoni kwa uzi mrefu. Alitafuna huku amefumba macho nusu, kama mzee wa baraza anayesikiliza kesi isiyomhusu. Akameza. Donge jingine likapanda.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Walisimama tu, mmoja mmoja, wakikung'uta vumbi. Alute alimwacha acheue mara saba, akizihesabu kwa vidole. Kisha akasema, "Mleteni," na Selina mwenyewe akashika kamba, na Mtemi akatembea kwa miguu yake, mbele ya wateja tisa, hadi kwenye majani yaliyotandazwa.

Nyama ilikuwa nzuri. Hata aliyetaka kuikosoa hakupata pa kuanzia: mafuta yalikuwa meupe, yameshikamana, na paja lilijaza mikono miwili. Selina alikata na kugawa kama kila mtu alivyochagua, na yale mafungu ya walioondoka akayaweka kando, yakachukuliwa na watazamaji kabla hayajapoa. Yunisi alipokea mbavu zake, akazigeuza, akazinusa waziwazi mbele ya watu.

"Mwakani nitakuja," alisema. "Lakini nitakuja tangu jana yake. Nitalala hapa hapa mlangoni mwa ng'ombe."

"Njoo na mkeka wako."

Wazee wawili wa ukoo walikuwa wamesimama karibu na zizi. Mmoja aliufunga mlango wa zizi kwa mti wake, ng'ombe sita wakiwa ndani, akamkabidhi Selina fimbo ya kuchungia iliyokuwa imeegemezwa pale tangu msiba, akaenda zake.

Antipasi alibaki. Alisogea karibu na majani, akakohoa, akaoneshea kidole kipande cha kidari kilichobaki.

"Shemeji, fungu la kaka mkubwa ni lipi?"

Selina alifuta kisu, akamtazama, kisha akatazama nyuma ya shemeji yake, ambako watu watatu walikuwa bado wanangoja na vikapu, mama mmoja akiwa wa mwisho.

"Lipo," alisema. "Simama nyuma ya mama yule."